Toleo Jipya Limetoka na Fungu Lako Linapoteza: Namna ya Kutafuta Chanzo

Hearthstone, mchezo wa karata wa kidijitali uliozinduliwa na Blizzard Entertainment mwaka 2014, kwa kawaida hutoa matoleo makubwa matatu ya karata kila mwaka, na kila toleo linapoingia, wachezaji wa Mbeya, Iringa na Njombe huwa na malalamiko yaleyale: fungu la karata lililokuwa likishinda mwezi uliopita limekufa ghafla, na fungu jipya lililomaliza vumbi lote la akiba, yaani sarafu ya mchezo ya kutengenezea karata, halifui dafu. Wengi hukimbilia kutoa karata mbili tatu na kuingiza nyingine mara tu baada ya kupoteza. Mwongozo huu unashauri kinyume cha hapo. Usiguse karata hata moja kabla hujajua ulishindwa katika zamu ya ngapi na kwa sababu gani, kwa kuwa dalili moja huweza kuwa na vyanzo kadhaa, na tiba ya chanzo kimoja huzidisha ubaya wa kingine.

Kwa aliye mgeni, kanuni zinazohitajika hapa ni chache. Fungu la kawaida lina karata 30. Kila karata inaruhusiwa nakala mbili, isipokuwa zile zenye kito cha rangi ya chungwa, yaani za daraja la juu kabisa, ambazo huruhusiwa nakala moja tu. Mana, yaani nguvu ya kulipia karata unazocheza, huanza na 1 katika zamu ya kwanza na kuongezeka kwa 1 kila zamu hadi kufikia 10, na shujaa, yaani mhusika anayemwakilisha mchezaji, huanza na uhai wa 30. Anayetangulia hupewa karata tatu za mwanzo, anayefuata hupewa nne pamoja na sarafu inayompa mana 1 ya ziada kwa zamu moja.

Fungu linakataa kuchezwa

Dalili hii huonekana zaidi baada ya toleo la kwanza la mwaka. Mfumo wa Standard, ulioanza mwaka 2016, huruhusu karata za matoleo ya karibuni pamoja na seti ya msingi iitwayo Core, na mwaka mpya wa mchezo unapoanza, matoleo ya zamani zaidi huondolewa kwa mkupuo. Karata hizo hazijafutwa. Bado ni mali yako na zinachezwa katika mfumo wa Wild, unaoruhusu karata za miaka yote. Suala la Core ni la kuangaliwa zaidi, kwa sababu seti hiyo, iliyoanza mwaka 2021, hutolewa bure, haivunjwi kuwa vumbi, na orodha yake hupitiwa upya kila mwaka. Karata uliyoizoea ikiondolewa humo, na wewe hukuwahi kuwa na nakala ya toleo lake la asili, hutaiona tena katika mkusanyiko wako, na si kosa la simu wala la akaunti.

Mchezo wenyewe hujitolea kujaza nafasi zilizobaki wazi. Ikatae ofa hiyo. Programu haijui ni kazi gani karata iliyoondoka ilikuwa ikifanya katika fungu lako, na mara nyingi itakuletea karata nzuri isiyo na uhusiano wowote na nyingine 28 au 29 zilizobaki.

Karata zote zimetoweka

Kabla ya kuandika barua kali kwa huduma kwa wateja, angalia kanda uliyoingilia. Akaunti moja huwa na mkusanyiko tofauti kwa kila kanda, yaani Amerika, Ulaya na Asia, na karata za kanda moja hazionekani katika nyingine. Mtu aliyefuta programu ili kupata nafasi kwenye simu, kisha akaipakua upya usiku wa toleo, anaweza kuchagua kanda nyingine bila kujua na kukuta mkusanyiko mtupu. Toka, badilisha kanda, ingia tena.

Unaelemewa kabla ya zamu ya tano

Hapa ndipo penye matatizo mengi, na ndipo utambuzi unapokosewa zaidi, kwa sababu mchezaji anayekufa mapema hudhani anahitaji karata zenye nguvu kubwa, ilhali anazo nyingi mno tayari. Toleo jipya huja na karata za kuvutia za mana 7, 8 na 9, kila moja ikiwa na picha nzuri na maneno mengi, na ni vigumu kuziacha nje baada ya kuzipata. Fungu lililojaa karata za namna hiyo ni sawa na lori lenye shehena kamili linaloanza kupanda mlima wa Kitonga bila gia ndogo: nguvu linayo, ila halitafika mahali pa kuitumia.

Hesabu karata zako zinazogharimu mana 1 au 2. Tuchukue kwamba umetangulia wewe, hukubadilisha karata za mwanzo, na umefika zamu ya pili, maana yake umekwisha kuona karata tano. Ikiwa fungu lina karata nne tu za bei hiyo, uwezekano wa kutokuwa na hata moja mkononi ni asilimia 46. Zikiwa sita, uwezekano huo hushuka hadi takriban asilimia 30, na zikiwa kumi, hubaki kama asilimia 11. Tofauti kati ya nne na kumi haionekani kubwa ukiitazama kwenye orodha, lakini mezani ni tofauti kati ya kupoteza zamu za mwanzo karibu mara moja katika kila michezo miwili na kuzipoteza mara moja katika kila tisa. Ni kweli kwamba uwezo wa shujaa kwa kawaida hugharimu mana 2 na unaweza kuziba pengo la zamu moja, ila anayeutegemea kila mara katika zamu ya pili na ya tatu dhidi ya fungu la kasi amekwisha kushindwa kabla ya kufika anakokwenda.

Sasa, huenda umehesabu na ukakuta kumi zimetimia, na bado unaelemewa. Hapo chanzo ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni jinsi unavyochagua karata za mwanzo. Wapo wachezaji wanaobaki na karata ya mana 6 kwa kuwa ndiyo bora kuliko zote katika fungu, na hili nimeliona sana kwa wale wanaoingia mchezo huu kutoka kwenye karata za kawaida za kijiweni, ambako turufu kubwa haiachwi. Katika Hearthstone karata ya mana 6 iliyo mkononi katika zamu ya kwanza ni garasa hadi zamu ya sita. Irudishe bila huruma, labda uwe tayari na mpango kamili wa zamu tatu za kwanza.

Chanzo cha pili ni kwamba karata zako za bei nafuu hazigusi meza. Karata ya mana 2 inayokupa karata nyingine mbili ni nzuri, lakini haizuii kiumbe kilichosimama mbele yako kukupiga. Zitenganishe karata zako za mapema katika makundi mawili, zinazoweka kiumbe au kuondoa kiumbe upande mmoja, na zinazotafuta karata upande mwingine. Kundi la kwanza likiwa na karata tatu au nne tu, namba kumi uliyoihesabu ilikuwa ikikudanganya.

Mafungu ya polepole yana ruhusa ya kuvunja kanuni hii kwa sharti moja, nalo ni kuwa na karata za kutosha zinazofagia meza nzima katika zamu ya tatu hadi ya tano. Kufagia meza katika zamu ya saba si ulinzi, kwa maoni yangu, katika wiki za mwanzo za toleo lolote, kwa kuwa wiki hizo hutawaliwa na mafungu ya kasi. Sababu yake inaeleweka: fungu la kasi linahitaji tu kujua namna ya kumpiga shujaa wa mpinzani, wakati fungu la kujihami linahitaji kujua wapinzani watakuja na nini, na hilo katika siku za kwanza halijulikani.

Umenakili fungu la bingwa, lakini huna karata mbili kati ya thelathini

Hali hii ni ya kawaida kwetu, kwa sababu ni wachache wanaonunua pakiti za karata kwa fedha, na mchezaji anayetegemea dhahabu anayoipata kwa kucheza tu hawezi kuwa na kila kitu. Kosa linalofuata ni kuweka karata ghali mahali pa karata ghali. Mtu amekosa karata ya rangi ya chungwa ya mana 5, basi anatafuta nyingine ya rangi ya chungwa aliyonayo, hata kama ni ya mana 8 na hufanya jambo tofauti kabisa, kisha anashangaa fungu lililoandikwa kwamba linashinda lina tatizo gani.

Karata hubadilishwa kwa kazi yake. Jiulize maswali manne kuhusu ile uliyoikosa: huchezwa katika zamu ya ngapi, huondoa kiumbe au huweka kiumbe, hukuletea karata zaidi au hapana, na je, kuna karata nyingine ndani ya fungu inayoihitaji ili ifanye kazi? Karata nyeupe ya kawaida inayojibu maswali hayo vilevile itatoa huduma kubwa kuliko ya chungwa inayoyajibu tofauti. Fungu lenye karata inayouma sana mwishoni, kwa mfano, mara nyingi huwa na karata tatu au nne nyingine zilizowekwa kwa ajili ya kuifikia tu. Ukiikosa hiyo moja, zile nne nazo zinakuwa magarasa, na jibu sahihi ni kuliacha fungu zima na kutafuta jingine. Ni afadhali kulijua hili kabla ya kuvunja karata zako za akiba.

Mfano unaoonyesha vizuri ni mafungu ya majoka, ambamo karata kadhaa hupata nguvu ya ziada ikiwa umeshika joka jingine mkononi. Mtu anakosa majoka manne, anajaza nafasi zao kwa viumbe wengine wazuri, na kubakiza majoka manne tu ya kutegemewa na karata hizo. Kufikia zamu ya tano kwa anayetangulia, yaani karata nane zimeonekana, uwezekano wa kutowahi kuliona joka hata moja kati ya manne ni karibu asilimia 27. Yangekuwa manane, uwezekano huo ungekuwa kama asilimia 5. Viumbe wapya ni wazuri kweli, ila wameondoa nguzo iliyokuwa ikizibeba karata nyingine.

Karata haifanyi kilichoandikwa

Kabla ya kudai kwamba mchezo una hitilafu, soma maandishi ya karata tena polepole, hasa sharti lake. Karata ya Reno Jackson ya mwaka 2015 humponya shujaa kikamilifu ikiwa fungu lako halina karata zinazofanana, na huangalia karata zilizobaki katika fungu wakati huo. Kwa hiyo hata ukiwa na nakala mbili za karata fulani, itafanya kazi endapo moja imekwisha kulambwa. Karata ya Reno, Lone Ranger, iliyotoka mwaka 2023, huangalia namna fungu lilivyoanza. Anayeijenga ya pili kwa mazoea ya ile ya kwanza atapoteza nguvu yake katika kila mchezo bila kujua kwa nini.

Kundi jingine ni karata zinazodai bei za aina fulani. Baku the Mooneater ya mwaka 2018 hutaka karata zote za fungu ziwe na gharama ya namba witiri, na Genn Greymane hutaka ziwe shufwa. Toleo jipya au marekebisho ya uwiano yanapopandisha karata moja kutoka mana 3 hadi 4, fungu lote linavunjika kimyakimya, na dalili pekee utakayoiona ni kwamba uwezo wa shujaa mwanzoni mwa mchezo haukubadilika. Baada ya kila sasisho, pitia gharama za karata zote thelathini hata kama hukubadilisha kitu.

Unacheza vizuri, lakini mkono unaisha

Ukifika zamu ya sita ukiwa na karata moja mkononi na mpinzani bado ana uhai wa 20, fungu lako la kasi halina mwendo wa kutosha wala akiba. Chagua moja. Ama ongeza karata za kumpiga shujaa moja kwa moja ili mchezo uishe zamu moja mapema, ama ondoa viumbe wawili dhaifu na kuingiza karata mbili za kulamba nyingine. Kufanya yote mawili kwa wakati mmoja ndiko kunakozaa fungu lisilo na sura.

Kinyume chake, mkono ukijaa karata kumi na nyingine zikaanza kuungua, yaani kuharibiwa kwa kukosa nafasi, tatizo si bahati mbaya. Una karata nyingi zinazosubiriana. Ikiwa ushindi wako unategemea karata mbili maalumu, kila moja nakala moja, uwezekano wa kuwa umeziona zote mbili kufikia zamu ya kumi, ukiwa umetangulia na bila karata za kukusaidia kulamba, ni chini kidogo ya asilimia 18. Mipango ya karata tatu sitaijadili.

Jana limeshinda, leo limeshindwa

Kijana mmoja wa Iyunga aliwahi kuniuliza, “Kaka, hili fungu nimelicheza mara kumi nikashinda mara tatu, si nilitupe tu?” Jibu linahitaji hesabu kidogo. Fungu ambalo uwezo wake halisi ni nusu kwa nusu litashinda michezo mitatu au pungufu kati ya kumi kwa uwezekano wa asilimia 17, na litashinda saba au zaidi kwa uwezekano uleule. Kwa maneno mengine, michezo kumi haitoshi kutofautisha fungu baya na fungu la wastani lililokutana na siku mbaya, wala haitoshi kumsifia aliyelamba dume mara saba.

Cheza angalau michezo ishirini hadi thelathini bila kubadilisha kitu, na uandike katika daftari mambo matatu tu baada ya kila kipigo: shujaa wa mpinzani, zamu uliyoona kwamba mchezo umekwisha, na karata iliyobaki mkononi bila kuchezwa. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Karata ileile ikijitokeza humo mara nyingi, hiyo ndiyo ya kutoa, hata kama ilikugharimu vumbi lote. Safu ya kwanza ikionyesha kwamba vipigo vingi vinatoka kwa shujaa mmoja huku wengine ukiwamudu, fungu lako ni zima. Linahitaji karata moja au mbili dhidi ya huyo, na si zaidi, kwa maana kila karata unayoielekeza kwa mpinzani mmoja ni mzigo mbele ya wengine wote.

Vumbi limekwisha na fungu halijakamilika

Kutengeneza karata nyeupe hugharimu vumbi 40, ya bluu 100, ya zambarau 400 na ya chungwa 1600. Ukivunja, unarudishiwa 5, 20, 100 na 400. Kwa hiyo karata moja ya chungwa hulipiwa kwa kuvunja nyingine nne za chungwa, au nyeupe 320. Biashara hiyo ni ya hasara kila mara, na katika siku za mwanzo za toleo hasara huzidi, kwa sababu orodha za mafungu zinazosambazwa usiku wa kwanza mara nyingi huwa zimebadilika kabla wiki haijaisha.

Anza na pakiti. Katika pakiti kumi za kwanza za toleo jipya umehakikishiwa angalau karata moja ya chungwa, na tangu mwaka 2020 pakiti hazikupi nakala ya ziada ya karata uliyonayo hadi utimize karata zote za daraja hilo katika toleo husika. Kinga hiyo huhesabu hata karata uliyokwisha kuivunja, kwa hiyo usivunje kwa matumaini kwamba pakiti itakurudishia karibuni. Tumia kwanza dhahabu yako yote kufungua pakiti, kisha tazama ni shujaa gani aliyepata karata nyingi zinazoshirikiana, halafu ndipo uchague fungu. Wanaochagua fungu kwanza na kufungua pakiti baadaye ndio wanaomaliza vumbi.

Kama vumbi limekwisha kutumika, subiri marekebisho ya uwiano. Karata iliyopunguzwa nguvu huweza kuvunjwa kwa thamani yake yote ya kutengenezwa kwa muda maalumu unaotangazwa pamoja na marekebisho hayo, na hiyo ndiyo nafasi pekee ya kurudishiwa 1600 kamili. Kwa hiyo unapolazimika kutengeneza karata ya chungwa mapema, ni salama zaidi kuchagua ile ambayo kila mtu anailalamikia kuliko ile unayoipenda peke yako.

Mchezo ulikuwa wako, ukakatika

Hili halihusu karata, lakini huingia katika daftari kama kipigo na kuchafua hesabu zote. Zamu huwa na sekunde 75, na mtandao ukilegea wakati wa mvua, jambo ambalo wachezaji wa Tukuyu hawahitaji kuelezwa, sekunde hizo huisha wakati simu bado inaonyesha zamu iliyopita. Pakua sasisho siku hiyohiyo kwa kifurushi cha usiku au kwenye Wi-Fi, kwa sababu ni kubwa na programu hupakua vipande vingine ndani kwa ndani unapocheza. Umeme ukikatika na mnara ukabaki hewani, fungua programu haraka, kwani mchezo unaoendelea hukupokea tena endapo mpinzani hajaumaliza. Vipigo vya namna hii viandike katika ukurasa wake wa pembeni na usivihesabu katika ile michezo thelathini.

Ukishavitenga hivyo, na daftari likaonyesha kwamba unakufa zamu ya nne au ya tano, rudi kwenye hesabu ya karata za mana 1 na 2. Likionyesha zamu ya nane na kuendelea, mkono ukiwa mtupu, ongeza karata za kulamba. Likionyesha zamu tofautitofauti na karata tofautitofauti, endelea kulicheza fungu hilo kama lilivyo hadi marekebisho ya kwanza ya uwiano yatakapotoka.